Viti 45 vya Kimihurura

Septemba 2008, matokeo ya uchaguzi wa wabunge yalipotangazwa Kigali, wanawake walikuwa wamepata viti 45 kati ya 80. Hapakuwa na bunge jingine duniani ambamo wanawake waliwazidi wanaume. Miaka mitano kabla ya hapo Rwanda ilikuwa imeshaipita Sweden kwa uwiano wa wabunge wanawake, wakiwa na viti 39. Mwaka 2013 vikawa 51, na uchaguzi wa 2024 ukaleta 51 vilevile.

Jengo wanamokutana wabunge hao, huko Kimihurura, ndilo walimowekwa askari 600 wa kundi la waasi la RPF mwishoni mwa Desemba 1993 kufuatana na makubaliano ya amani ya Arusha. Kuta zake bado zina alama za risasi na makombora ya 1994. Nalitaja kwa sababu habari ya viti hivi husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza na katiba ya 2003, iliyotaka wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Ilianza zamani zaidi, na katika mazingira machungu zaidi.

Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 asilimia 70 ya Wanyarwanda waliobaki walikuwa wanawake, hivyo wanaume wa kuongoza hawakupatikana. Takwimu hiyo imetembea kutoka ripoti hadi ripoti, lakini sensa ya 2002 ilikuta wanawake ni kama asilimia 52. Wajane walikuwa wengi mno, wengi wao wakilea watoto wasiowazaa. Hilo halihitaji kutiwa chumvi. Lakini ujane haumpi mtu kiti. Nchi nyingi zimetoka vitani zimejaa wajane na mabunge yao yakabaki mikononi mwa wanaume.

Jambo lililoleta tofauti lilitokea ughaibuni. Machafuko ya 1959 na miaka iliyofuata yaliwasukuma Watutsi kwa makumi ya maelfu kwenda Burundi, Uganda, Tanganyika na Kongo. Watoto wa wakimbizi hao ndio walioanzisha RPF mjini Kampala mwaka 1987. Mmoja wao, Aloisea Inyumba, alizaliwa 1964, akakulia Uganda na kusoma Makerere. Kabla hajatimiza miaka thelathini alikuwa kamishna wa fedha wa RPF. Michango ya Wanyarwanda waliotawanyika Afrika, Ulaya na Amerika, fedha zilizoendesha vita vilivyoanza Oktoba 1, 1990, ilikuwa chini ya usimamizi wake. Aliyeshika mkoba wa vita haambiwi arudi jikoni siku ya ushindi. Julai 1994 Inyumba akawa waziri wa familia na wanawake, na jiji la Kigali likapata meya mwanamke, Rose Kabuye, mwanajeshi aliyeliongoza hadi 1998.

Uganda pia iliwapa wakimbizi hao mfano. Walikuwako mwaka 1989 serikali ya Museveni ilipoweka kiti cha mwakilishi mwanamke kwa kila wilaya. Viti 24 vya wanawake katika bunge la Rwanda, vinavyojazwa kupitia mabaraza ya wanawake, vina undugu na utaratibu huo.

Hata hivyo ni dhuluma kuwapa sifa zote waliorudi kutoka nje. Waliobaki nchini walikuwa wameshapigana vita vyao. Mwaka 1983, chini ya Rais Habyarimana, serikali iliwakamata wasichana na wanawake wa mjini Kigali, wengi kwa sababu tu hawakuwa na mume, walivaa vizuri au walikuwa na fedha zao, ikawaita malaya na kuwapeleka kwenye kambi ya kurekebishwa tabia. Mtafiti Villia Jefremovas aliandika juu ya kisa hicho mwaka 1991 katika makala kuhusu namna mwanamke mwenye mali alivyopewa jina baya ili arudishwe chini ya ulinzi wa mwanaume. Makala hiyo inastahili kusomwa zaidi kuliko inavyosomwa, kwani inaonyesha kwamba dola ilikuwa ikijishughulisha na miili ya wanawake kabla haijaanza kujivunia idadi yao.

Agathe Uwilingiyimana naye alibaki nchini. Akiwa waziri wa elimu mwaka 1992 alifuta mgawo wa kikabila wa nafasi za shule. Julai 1993 akawa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo hicho. Magazeti ya chuki yalimjibu kwa vibonzo vilivyomchora uchi. Asubuhi ya Aprili 7, 1994 aliuawa mjini Kigali pamoja na mumewe.

Muungano wa vyama vya wanawake wa Pro-Femmes Twese Hamwe ulikuwapo tangu 1992. Baada ya vita, wanawake wake na wale waliotoka uhamishoni walikaa meza moja kudai sheria ya mirathi. Ilipitishwa Novemba 1999, ikampa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Kabla yake, mjane aliishi kwenye shamba la marehemu kwa hisani ya shemeji. Lakini hata baada ya sheria hiyo, aliyeishi na mwanaume bila ndoa ya kiserikali aliachwa nje ya haki za mke, na walikuwa wengi.

Wasomi wa vyuo vya nje hawajakubaliana juu ya maana ya mafanikio haya. Timothy Longman aliuliza mwaka 2006 kama wanawake bungeni wanaleta usawa au wanaupamba utawala wa mkono wa chuma. Jennie Burnet, mwaka 2008, alionyesha kwamba wanawake waliongezeka bungeni wakati uwezo wa Bunge lenyewe kutunga sera ukipungua. Mimi nadhani wana haki ya kuuliza hivyo, na ushahidi unavuta pande zote mbili. Sheria ya 2008 dhidi ya ukatili wa kijinsia, ambayo wabunge wanawake wakiwemo Judith Kanakuze waliiandaa wenyewe bila kuisubiri serikali, ilitambua ubakaji ndani ya ndoa kuwa kosa. Mwaka 2009 bunge lenye wanawake wengi lilipitisha sheria ya kazi iliyobakiza wiki sita tu za likizo ya uzazi yenye mshahara kamili.

Na mwaka 2017 Diane Rwigara alipotangaza kugombea urais, siku chache tu baadaye picha za utupu zilizodaiwa kuwa zake zilisambaa mtandaoni. Mwenyewe alisema zilitengenezwa. Jina lake liliondolewa kwenye orodha ya wagombea, akakaa rumande zaidi ya mwaka, na Desemba 2018 mahakama ikamwachia huru. Utawala ulikuwa tofauti kabisa na ule wa 1993, lakini mwanamke aliyetaka cheo kikubwa alishambuliwa tena kwa mwili wake.

Ama likizo ya uzazi, wiki 12 zenye malipo zililetwa na sheria ya 2016. Chini ya sheria hiyo mwajiri alilipa sita za kwanza, na sita za mwisho zililipwa na mfuko ambao mwajiri na mfanyakazi waliuchangia asilimia 0.3 ya mshahara kila mmoja. Mama anayelima kwa jembe lake na mwenye kuuza nyanya sokoni Kimironko hawana mwajiri wa kuwachangia.