Ligi Isiyopanda Daraja: Besiboli ya Batavia, New York, 1939–2020

Msomaji wa Afrika Mashariki anapokutana na istilahi "ligi ndogo" katika besiboli ya Marekani, huielewa kwa kipimo cha kandanda: klabu ikifanya vizuri hupanda daraja, ikivurunda hushuka. Kipimo hicho kinapotosha. Katika besiboli ya Marekani anayepanda ni mchezaji. Klabu hubaki ilipo hata ikitwaa ubingwa. Makala haya yanaonyesha jinsi tofauti hiyo ilivyoamua hatima ya mchezo huo Batavia, mji wa watu takribani 15,000 magharibi mwa jimbo la New York.

Mwaka 1939 iliasisiwa Batavia ligi iliyoitwa PONY, kwa herufi za mwanzo za Pennsylvania, Ontario na New York. Timu ya mji iliitwa Clippers, jina la mashine ya kuvunia nafaka iliyokuwa ikiundwa katika kiwanda cha Massey-Harris mjini humo. Kwa hiyo jina la timu lilikuwa jina la kazi ya mji.

Wachezaji, hata hivyo, walikuwa na mwenyewe mwingine. Tangu miaka ya 1920 Branch Rickey, kiongozi wa klabu ya St. Louis Cardinals, alikuwa amejenga mtandao wa klabu ndogo za kumlelea vijana. Wamarekani waliuita mfumo wa mashamba, na sitiari hiyo ni ya haki: mji mdogo hulima, jiji huvuna. (Kwa Kiswahili "klabu ya malezi" ingefaa kuliko "klabu ya daraja la chini".) Mwaka 1949 kulikuwa na ligi ndogo 59, kufikia 1963 hazikufika 20, televisheni ikiwa miongoni mwa sababu. Zilizosalia zilitegemea klabu kubwa kuwalipa wachezaji na makocha, huku wenyeji wakishughulikia tiketi, vyakula na uwanja.

Batavia yenyewe ilikaa bila timu kuanzia 1954 hadi 1956. Iliporejea mwaka 1957 iliitwa Indians, kama klabu ya Cleveland. Kuanzia 1961 ikaitwa Pirates, kama ya Pittsburgh. Jina la kiwanda lilipisha jina la mzazi. Mtafiti wa majina hahitaji daftari la hesabu kujua mamlaka yalihamia wapi.

Jina la Clippers lilirudi mwaka 1988, na 1998 likaja Muckdogs. Kulifasiri kuwa "Mbwa wa Matope" ni kulidhulumu. Neno "muck" kwa wakulima wa huko ni udongo mweusi wenye rutuba, wa kinamasi kilichokaushwa, unaostawisha vitunguu karibu na Elba, kaskazini mwa mji. Batavia ilikuwa imelirejesha jina lake, lakini si mikataba ya wachezaji. Mwaka 2008 Muckdogs, wakati huo wakiwa klabu ya malezi ya Cardinals wale wale wa Rickey, walitwaa ubingwa. Msimu uliofuata walikuwa katika ligi ile ile.

Mwaka 2020 mkataba kati ya ligi kuu na shirikisho la ligi ndogo ulimalizika. Ligi kuu ilipunguza klabu zinazofungamana nayo kutoka 160 hadi 120, ikitaja ubovu wa viwanja, urefu wa safari na maslahi ya wachezaji. Hoja hizo hazikuwa za uongo, hasa ile ya mishahara. Lakini aliyezitoa ndiye aliyekuwa akiilipa. Ligi iliyozaliwa Batavia ilifutwa, msimu wake wa mwisho ukiwa umechezwa 2019, kabla ya UVIKO-19. Mji haukuwa na pa kukatia rufaa: tangu hukumu ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ya 1922, besiboli ilikuwa imeondolewa chini ya sheria za kuzuia uhodhi wa biashara.

Uwanja wa Dwyer, uliojengwa upya mwaka 1996, bado upo. Tangu kiangazi cha 2021 wanafunzi wa vyuo vikuu, wasiolipwa mshahara, wanacheza humo katika ligi nyingine, wakiitwa Muckdogs.