Shahada ya uzamivu katika saikolojia ya shule na mtoto (Lualaba)

Shahada ya uzamivu katika saikolojia ya shule na mtoto ni ngazi ya juu kabisa ya masomo ya makuzi na ujifunzaji wa mtoto. Katika mfumo wa LMD (lisansi, metrizi, udaktari), unaotambuliwa na sheria ya elimu ya 2014, mwanafunzi wa Kongo huanza na lisansi ya miaka 3, kisha metrizi ya miaka 2, ndipo aandike tasnifu chini ya profesa na kuitetea mbele ya jopo. Kwa aliyeko Kolwezi, mji mkuu wa mkoa wa Lualaba, kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu kipo Chuo Kikuu cha Lubumbashi, umbali wa takriban kilomita 300.

Kwa Lualaba masharti hayo hayatoshi. Kipimo cha akili cha Binet na Simon kilitungwa Paris mwaka 1905 kwa watoto wa huko. Mtoto wa Kasulo, mtaa wa wachimbaji kobalti mjini Kolwezi, anayejua kukadiria uzito wa gunia la kobalti na kubishana bei na mnunuzi anaweza kukwama kwenye swali la msamiati wa Kifaransa, akaandikwa kuwa mzito wa akili. Ndiyo maana mtahiniwa adaiwe pia mazoezi ya shuleni yenye usimamizi, pamoja na upimaji kwa Kiswahili cha Kolwezi. Wapo watakaodai kwamba vipimo visivyo na maneno vimeshamaliza tatizo. Havijalimaliza: mafumbo ya maumbo nayo humpendelea aliyezoea karatasi na kalamu. Tasnifu iendelee kuandikwa kwa Kifaransa, hilo halina ubaya. Ila asiyeweza kuzungumza na mtoto kwa lugha ya mtoto hastahili kumpima.