Kasi ya Mpira: Historia Fupi ya Kuwapima Warushaji wa Besiboli

Katika Kiswahili neno «kasi» hubeba maana mbili kwa pamoja: wepesi wa mwendo, na nguvu inayousukuma mwendo huo. Ndiyo maana husemwa kasi ya mto au kasi ya upepo. Wasaka vipaji wa besiboli ya Marekani wameshughulika zaidi na maana ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokubali kuandikwa kwa tarakimu.

Jaribio la mapema linalotajwa sana ni lile la mwaka 1912, katika kiwanda cha silaha cha Remington mjini Bridgeport. Walter Johnson, mrushaji wa timu ya Washington, aliwekwa mbele ya mtambo uliotengenezwa kupimia risasi. Mpira ulipenya kwenye nyaya, kisha ukagonga bamba la chuma, na muda uliopita kati ya matukio hayo mawili ukahesabiwa. Ikapatikana futi 122 kwa sekunde, yaani kilomita 134 hivi kwa saa. Baadaye Bob Feller alishindanishwa na pikipiki jijini Chicago, kichekesho ambacho hata hivyo kilichukuliwa kwa uzito. Na mwaka 1946 akapimwa kwa chombo cha jeshi, akapewa kilomita 158.7. Mwaka 1974 Nolan Ryan alifikia 162.4.

Ni kosa kuzipanga namba hizo katika mstari mmoja na kudai kwamba Ryan alimshinda Feller. Kutoka kibao cha mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, na katika safari hiyo fupi mpira hupoteza kilomita 13 hivi kwa saa kwa sababu ya ukinzani wa hewa. Feller alipimwa mpira ulipofika kwa mpigaji; Ryan alipimwa kabla kidogo ya hapo. Kabla ya kuuliza kasi kiasi gani, yapasa kuuliza kasi ya wapi.

Mwaka huohuo wa 1974 Danny Litwhiler, kocha wa Chuo Kikuu cha Michigan State, aliona jinsi polisi wa chuo walivyotumia rada kuwakamata madereva wenye haraka, naye akakijaribu chombo hicho kwa warushaji wake. Kampuni ya JUGS ikakirekebisha, na haikupita miaka mingi kabla ya wasaka vipaji kuonekana wamejipanga nyuma ya wavu, kila mmoja na bunduki yake ya rada. Chombo hutuma mawimbi, mawimbi hugonga mpira na kurudi yakiwa yamebadilika, na badiliko hilo ndilo linalofasiriwa kuwa kasi. Lakini bunduki za JUGS ziliudaka mpira karibu na mkono, na za kampuni nyingine ziliupima ulipokaribia mpigaji. Tofauti iliweza kufikia kilomita 6. Kwa hiyo msaka vipaji makini aliandika pia aina ya chombo alichotumia. Aliandika vilevile mfululizo na si namba moja: kasi ambayo kijana huishikilia, kisha ile aliyoigusa mara moja au mbili. Mwishowe kasi hiyo ilipewa alama katika kipimo cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa ligi kuu. Hata mwaka 2017, mitambo ya viwanja vya ligi hiyo ilipoanza kutoa kasi ya pale mpira unapoachwa na mkono, warushaji walionekana wameongeza kasi kumbe kilichohama ni mahali pa kupimia.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuingia katika daftari hizo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika katika mashindano ya dunia ya Little League. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male walitia saini mkataba na Los Angeles Dodgers, na mwaka 2023 David Matoma akasajiliwa na Pittsburgh Pirates. Wote watatu ni warushaji, na si ajabu. Mpigaji huhitaji wapinzani hodari ili kipaji chake kithibitike. Kasi ya mrushaji husomeka popote, hata pasipo ligi yenye sifa.

Msomaji wa Lubumbashi atakumbuka daftari nyingine. Tangu mwaka 1910 Bourse du Travail du Katanga iliandikisha vijijini nguvukazi ya migodi, na madaktari wakaamua ni mwili upi unafaa. Tofauti ni kubwa, kwani mrushaji huweza kukataa mkataba. Lakini katika daftari zote mbili, kilichopimwa ni kile ambacho mwili unaweza kutoa leo, na si muda utakaodumu.

Septemba 1974 daktari Frank Jobe alimpasua Tommy John kiwiko, upasuaji wa kwanza wa aina yake. Desemba 2024 uongozi wa besiboli ya Marekani ulitoa ripoti iliyoutaja msako wa kasi miongoni mwa sababu kuu za kuongezeka kwa majeraha ya warushaji, wakiwamo vijana ambao bado hawajasajiliwa.