Wanakuuzia Gari la Mbio, Ila Ukienda Nalo Kwenye Mbio Waranti Inagoma? Historia Yake Iko Hivi

Matangazo ya magari ya spoti yanafanana dunia nzima. Moshi wa matairi, gari linakula kona kwa ubavu, dereva kavaa helmeti, muziki uko juu. Ukishalipa unapewa funguo na kijitabu cha waranti. Ndani ya kijitabu hicho kuna mstari mdogo ambao wengi hawausomi: gari likiharibika kwa sababu ya mbio, gharama ni zako.

Mvutano huu haujaanza jana. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya waranti inayoitwa Magnuson-Moss. Kwa lugha nyepesi, iliziambia kampuni ziandike masharti yanayoeleweka, na mteja aweze kuyaona kabla hajatoa hela. Tena kampuni isikunyime waranti eti kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Kifaa hicho kiwe ndicho kilichosababisha uharibifu. Ila sheria haikuzuia kampuni kuandika kwamba mbio hazimo. Na neno "mbio" linabeba mengi. Mashindano ya kutafuta mshindi ni mbio, hilo halina ubishi. Je, mtu aliyelipia siku moja uwanjani ili ajifunze kukata kona, bila saa wala kombe, naye yuko kwenye mbio?

Kimbembe kikubwa kilikuja na Nissan GT-R ya R35. Iliingia sokoni Japani Desemba 2007, Marekani ikafika 2008, bei yake ikianzia chini kidogo ya dola 70,000. Ilikuwa na uwezo wa kuchomoka kutoka iliposimama kama imerushwa na manati. Tatizo ni kwamba ili uchomoke hivyo, ilibidi kwanza uzime mfumo unaozuia gari kuteleza. Na kitabu cha gari kilisema mfumo huo usizimwe, labda kama umekwama kwenye matope au theluji.

Wamiliki wakachomoka wee, na baadhi ya giaboksi zikafa. Walipopeleka magari kutengenezwa, wengine wakaambiwa hiyo haimo kwenye waranti. Giaboksi mpya ilitajwa kuwa karibu dola 20,000. Kukataa kulikuwa rahisi kwa sababu gari lilikuwa na kifaa kinachotunza kumbukumbu za jinsi linavyoendeshwa, hivyo "sikuzima kitu mimi" haikusaidia. Mitandao ya wapenda magari ikawaka moto, wengine wakaenda mahakamani. Nissan ikaleta programu mpya iliyopunguza mzunguko wa injini wakati wa kuchomoka, giaboksi zikapata nafuu.

Huko Japani kwenyewe gari hilohilo lilikuwa na maajabu zaidi. Mtaani lilifungwa lisizidi kilomita 180 kwa saa. Likifika kwenye uwanja wa mbio unaotambuliwa, ramani ya setilaiti ndani ya gari inajua liko wapi, na dereva anaweza kuondoa kizuizi. Lakini ukitoka hapo, unatakiwa ulipeleke likakaguliwe kwenye kituo maalumu cha Nissan, kwa gharama zako, la sivyo waranti inaingia matatani. Angalau pale mteja alijua bei ya raha yake mapema.

Miaka kumi baadaye Hyundai ikacheza karata tofauti. Ilipopeleka i30 N Australia mwaka 2018, ilitangaza waziwazi kwamba waranti ya miaka mitano inabaki hai hata ukienda nalo uwanjani, mradi si mashindano na hakuna kupimana muda. Kwa kampuni iliyokuwa ngeni kwenye magari ya kasi, ahadi hiyo ilikuwa tangazo tosha. Ilikuwa inasema: tunaiamini injini yetu.

Halafu ikaja 2022. Jamaa mmoja Marekani alikuwa na Toyota GR86, injini ikafa. Fundi alikuta vipande vya gundi ya silikoni, ile inayoziba maungio ya injini, kwenye njia ya oili. Toyota ikakataa kulipia. Ushahidi? Picha za mitandaoni zikimwonyesha akidrifti kwenye tukio la magari. Watu wakacharuka, kwa sababu matangazo ya gari hilo yenyewe yalionyesha likidrifti. Tena mnunuzi wa GR86 Marekani alipewa uanachama wa mwaka mmoja kwenye chama cha michezo ya magari, pamoja na siku moja ya bure ya kuendesha uwanjani.

Kampuni nazo zina hoja yao. Uwanjani breki, oili na giaboksi vinafika joto ambalo safari ya kwenda kazini haivifikishi hata siku moja. Wakilipa kila injini iliyochemshwa na mtu anayejifanya bingwa, bei itapanda hata kwa yule anayeendesha kistaarabu. Lakini kama gundi imetoka kiwandani, swali linatakiwa liwe moja: nini kimeua injini? Picha ya moshi wa matairi inaonyesha gari lilikuwa wapi. Haionyeshi gundi ilifikaje kwenye oili.

Huku kwetu wengi hawajakutana na sakata hili, maana gari lililotumika Japani likishushwa Mombasa au Dar, mara nyingi waranti ya kiwanda ilishaisha zamani. Ila kwa anayenunua jipya, mambo matatu ya kuuliza kabla ya kusaini: neno "mbio" kwenye kijitabu lina maana gani, siku ya mazoezi uwanjani imo au haimo, na jibu hilo linapatikana kwa maandishi? Neno la muuzaji mdomoni halitalipa giaboksi.

Na kabla hujapost video ya kudrifti, kumbuka wanaokufolo si washkaji peke yao. Ungekuwa wewe ndiye kampuni, ile injini ya 2022 ungeilipia?