Kengele ya Frere Town

Msomaji, ukipata kuvuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa kwenda Kisauni, utamsikia kondakta wa matatu akiita, "Kengeleni!" Shuka hapo, utazame mnara mdogo wenye kengele, karibu na kanisa la Emmanuel.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, lakini majahazi ya magendo hayakukoma. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata, wengi waliokutwa ndani walikuwa watoto. Kuwarudisha makwao kulikuwa shida, kwani wengine walitekwa wangali wadogo mno hata hawakuweza kueleza kwao ni wapi. Basi mwaka 1875 William Salter Price, wa chama cha misioni cha CMS, alianzisha makao ya watu hao, yakaitwa Frere Town. Miongoni mwa wasaidizi wake walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, Bara Hindi, ambao wenyewe waliokolewa utumwani. Hao hawakuhitaji kuelezwa hofu ya mtoto aliyetoka jahazini.

Wenye watumwa wa Mombasa waliyachukia makao hayo. Adui alipoonekana kengele ililizwa, watu wakajihadhari.

Lakini je, hatari ikitoka ndani? Baada ya Price kuondoka, msimamizi J. R. Streeter alitawala kwa kiboko na kifungo. Watu waliokwisha kufunguliwa minyororo wakapigwa na yule yule aliyewekwa awalinde. Wako waliosema kwamba ni ukali wake tu. Mimi naona kosa lilikuwa kubwa zaidi: msimamizi alikuwa mwajiri, tena hakimu, tena mwenye jela, na aliyeonewa hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Wala kengele haikuwekwa kwa ajili ya jambo kama hilo. Ilipasa habari zitoke nje, ziwafikie wakubwa wa serikali ya Kiingereza na wa chama huko London, ndipo uchunguzi ukafanywa. Streeter akaondoka, na Price akarudishwa kuja kutengeneza mambo.

Wazao wa watu wale wako hata leo, Frere Town na Rabai. Mmoja wao, James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliookolewa, aliandika habari zao katika kitabu *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa mwaka 1934. Kitafute katika maktaba ya shule yako.