Nani Atashika Fimbo? Utulivu Wakati wa Shida, kutoka Sekei hadi Engare Nanyuki

Asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, mtu aliyesimama Sekei anauona Mlima Meru wote, kuanzia migomba ya miteremkoni hadi kilele kinachopita mita 4,500. Asichokiona ni Engare Nanyuki, iliyofichwa na mlima upande wa kaskazini mashariki. Huko, kuanzia tarehe 17 Novemba 1951, serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wenyewe hawakushika silaha, na fidia waliyotengewa waliikataa. Utulivu ule ulitoka wapi?

Jibu tulilozoea hutafutwa ndani ya nafsi ya mtu mmoja. Tangu mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aeleze mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, adrenalini ikimwagika damuni na moyo ukienda mbio, ushauri umekuwa wa aina moja: vuta pumzi, jitawale, usiamue ukiwa na hasira. Hata methali yetu ya hasira hasara inamsemesha mtu mmoja. Sipingi ushauri huo, maana pumzi ndefu husaidia kweli. Ninachopinga ni kuishia hapo. Aliyechomewa nyumba hatulizwi na pumzi.

Sekei ni ardhi ya Waarusha, na Waarusha wana jambo la kutufundisha. P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu mwaka 1963, alionyesha kwamba mashauri yao mengi hayakumalizwa kwa hukumu ya hakimu. Yalimalizwa kwa mapatano, kila upande ukija na watu wake wa ukoo au wa rika, na washauri wao. Desturi hiyo haijafa. Niliwahi kuhudhuria kikao cha mpaka wa shamba hapa Sekei. Mlalamikaji alifika akitetemeka, sauti imempanda. Hakuna aliyemwambia atulie. Mzee wa rika lake alimshika mkono akamkalisha, kisha akasimama yeye, fimbo mkononi, akalisimulia shauri lote upya polepole: isale la mpakani lilipandwa na nani, lini, mbele ya mashahidi gani. Alipofika katikati, mlalamikaji alikuwa anamsahihisha mwaka, kwa sauti ya kawaida kabisa. Hasira yake ilikuwa imepewa kazi ya kukumbuka.

Hoja yangu ni kwamba utulivu wa kweli ni kazi ya watu wengi, tena hutegemea utaratibu uliokuwepo kabla shida haijabisha hodi. Engare Nanyuki inathibitisha. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipopita Tanganyika mwaka 1951, Wameru waliufikishia malalamiko yao. Kwa hiyo moto ulipowashwa, walijua pa kwenda. Walimtafuta wakili, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Walichanga fedha. Walimchagua kijana wao, Kirilo Japhet, akapanda ndege hadi New York mwaka 1952 kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mwenye shilingi alitoa shilingi, mwenye kalamu aliandika, na aliyebaki bila kwake alikuwa na kazi ngumu kuliko zote: kutoipokea fidia.

Hapo panahitaji kukaziwa, kwa sababu watu huchanganya utulivu na utii. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka Wameru watulivu. Ilitaka wakunje virago, wachukue fedha, wahamie Kingori kwenye joto na ukame, mambo yaishe. Kuipokea fidia kungekuwa kukiri kwamba ardhi imeuzwa. Kuikataa, huku familia ikilala nje, kulihitaji watu wenye akili timamu, waliokubaliana mapema, na wanaotazamana kila siku. Mtu peke yake angeshindwa wiki ya kwanza, na nisingemlaumu.

Atakayenipinga atasema: mbona hawakushinda? Ni kweli. Mwaka huo wa 1952 azimio la kuwaunga mkono lilipata kura nyingi katika Baraza Kuu, lakini halikufikia theluthi mbili, likaanguka. Ardhi haikurudi wakati huo. Lakini tuangalie walibaki na nini mkononi. Hawakuwapa watawala kisingizio cha kuwapiga risasi. Kirilo alirudi akazunguka nchini kusimulia kisa hicho, na Watanganyika wengi wakajifunza kwake kwamba malalamiko ya kijiji yanaweza kusikika New York. TANU iliundwa Julai 1954, na mwaka 1955 Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini.

Siku hizi ofisini na shuleni tunaandaa semina za kukabili msongo wa mawazo, kila mshiriki akifundishwa kuutazama moyo wake. Nawaomba wanaoziandaa watenge walau saa moja kwa maswali ambayo Wameru walikuwa wameyajibu: shida ikija kesho, nani atashika fimbo aseme kwa niaba ya aliyeumia? Nani atatunza michango? Nani atatumwa, na atakwenda wapi? Majibu yaandikwe, yabandikwe ukutani, kabla hakujachomwa kitu.