Sangala, papa wa Tanganyika: namna mashua, taa na vita vilivyompunguza

KIRUNGU – Sokoni, ndakala wakavu hupimwa kwa kopo na mikebuka huuzwa kwa kuhesabiwa. Lakini sangala mkubwa, yule anayebebwa begani mkia wake ukikaribia kugusa chini, siku hizi akipandishwa kutoka bandari ya Moba watu husimama kumtazama. Wazee wao walimzoea. Kilichotokea kati ya wakati ule na leo ni historia ya mashua, ya taa na ya vita. Ndiyo inayoeleza pia kwa nini nchi nne zinazozunguka ziwa zimekubaliana kwamba wavuvi wapumzike miezi mitatu kila mwaka.

Tanganyika haina papa. Papa ni samaki wa maji ya chumvi, na wavuvi wa Mombasa, Unguja na Kilwa wanamjua tangu zamani sana. Nyama yake hukaushwa kwa chumvi, na mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili zisiharibiwe na maji. Kule pwani naye amepungua, kwa sababu anachelewa kukomaa na huzaa watoto wachache. Mwezi wa Novemba 2022, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Panama, mataifa yalikubali kuweka masharti kwa biashara ya aina nyingi za papa.

Kazi anayoifanya papa baharini, huku kwetu ziwani hufanywa na sangala na ndugu zake. Ni jamii moja ambayo wataalamu wanaiita Lates. Ziwa Tanganyika lina aina zake 4, ambazo hazikuzaliwa katika ziwa lingine lolote duniani. Tatu ni kubwa, na moja kati ya hizo inaweza kukaribia urefu wa mita 2. Ya nne ni mikebuka, mdogo kuliko wote, ambaye kwa wataalamu anabeba jina la daktari Mbelgiji, Louis Stappers, aliyechunguza maziwa ya Moero na Tanganyika kati ya 1911 na 1913. Wote wanne ni wawindaji, na ndakala ni miongoni mwa wanaowindwa.

Ziwa lililodhaniwa kuwa bahari

Mwaka wa 1896 Mwingereza J.E.S. Moore alifika ziwani akitafuta jibu la fumbo. Konokono wa Tanganyika walifanana na wale wa baharini, na ndani ya maji kulikuwa na mnyama laini mwenye umbo la mwavuli ambaye ndugu zake wengi huishi kwenye chumvi. Moore aliamini kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Baadaye ilionekana kwamba alikosea: ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka, mamilioni ya miaka iliyopita, na viumbe wake walijibadilisha humohumo.

Kina chake kinafika mita 1,470 hivi, lakini samaki hawawezi kuishi kote. Hewa wanayoivuta inapatikana juu tu, karibu mita 100 upande wa kaskazini na kama mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo ni maji yasiyo na hewa. Kwa hiyo ziwa linaloonekana halina mwisho, kwa samaki ni tabaka jembamba, na mvuvi mwenye chombo kizuri anaweza kulifikia.

Kutoka lusenga hadi wavu wa kuzungusha

Kabla ya Wazungu, na muda mrefu baada ya misheni ya Baudouinville kuanzishwa hapa Kirungu mwaka wa 1893, mvuvi wa usiku alikuwa na mtumbwi uliochongwa kwenye gogo moja, moto uliowashwa mbele, na lusenga, yaani wavu wa kuchota wenye mpini mrefu. Ndakala walifuata mwanga, mvuvi akachota. Mwezi ulipokuwa mpevu, mwanga wa moto haukuwavuta tena samaki, na watu walibaki nyumbani. Upepo mkali nao uliwazuia. Hakuna aliyeandika sheria, lakini ziwa lilipata siku zake za kupumzika kila mwezi.

Reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, Kalemie ya leo, mwaka wa 1915. Samaki wakavu wakapata njia ya kwenda mbali, hadi kwa wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Soko lilipokua, vyombo navyo vilikua. Katika miaka ya 1950 mitumbwi miwili ilianza kuunganishwa kwa miti, taa za petroli zikatundikwa juu, na wavu mpana ukateremshwa katikati.

Wakati huohuo, mwaka wa 1954, Wagiriki wa Usumbura, ndiyo Bujumbura, walileta boti za chuma zenye wavu wa kuzungusha. Mashua ndogo za taa hukusanya samaki, boti kubwa huwazunguka, kisha kamba ya chini huvutwa na wavu hujifunga kama mfuko. Ndakala hukamatwa pamoja na wote waliokuja kuwala. Boti za namna hiyo zilifanya kazi Kalemie na Moba pia. Huko Mpulungu, Zambia, zilianza mwaka wa 1962. Katika miaka iliyofuata samaki wakubwa walipungua sana, na kufikia miaka ya 1980 nyavu za huko zilikuwa zinaleta hasa mikebuka.

Wavuvi siyo sababu pekee. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto. Yanapokuwa hivyo hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye mbolea, na chakula cha ndakala kinapungua.

Vita vilileta watu pwani

Vita vya 1996 na 1998 vilivusha maelfu ya familia za Moba, Kalemie na Fizi hadi Nyarugusu huko Tanzania, na hadi makambi ya Mwange na Kala huko Zambia. Wengi wa Zambia walirudi kupitia bandari ya Moba kuanzia 2007. Kisha mapigano kati ya Watwa na Waluba, hasa mwaka wa 2016 na 2017, yaliwatoa wengine vijijini. Na maji ya ziwa yalipopanda, mwaka wa 2021 na tena 2024, hata waliojenga karibu na mwambao walihama.

Mtu aliyeacha shamba lake hawezi kungoja mavuno. Ziwa halimwulizi hati ya kiwanja, na chandarua kinaweza kuwa wavu siku hiyohiyo. Lakini watoto wa sangala hukulia kwenye majani ya maji karibu na nchi kavu, kama vile watoto wa aina nyingi za papa wanavyokulia kwenye maji mafupi ya pwani. Wavu wenye matundu madogo ukikokotwa pale, unawatoa kabla hawajafika vilindini.

Miezi mitatu inatosha nani?

Mkataba wa ziwa ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Kutokana na ushirikiano huo ndipo ulipokuja mpango wa kufunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake mwaka wa 2024.

Kwa ndakala, ambaye maisha yake ni mwaka mmoja au zaidi kidogo, miezi mitatu ni muda mkubwa. Anaweza kutaga na kujaza tena maji. Kwa sangala ni muda mfupi, kwani anahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Ndakala wakiongezeka atapata chakula, lakini kitakachomrudisha ni majani ya mwambao kuachwa bila kukokotwa mwaka mzima, siyo wakati wa kufunga peke yake.

Na wanaoishi kwenye mwambao huo, mara nyingi, ni familia zilizohamishwa. Mwenye shamba juu huku Kirungu anaweza kula mihogo akingoja Agosti. Aliye kambini bila shamba, akinyimwa ziwa bila kupewa mbegu, kipande cha ardhi au chakula cha miezi hiyo, atarudi majini usiku na chandarua chake, na atarudi palepale watoto wa sangala wanapojificha.